Anga Haina Milima: Foni ya Masisi na Walikale

Ukiweka rula juu ya ramani, kutoka Goma hadi Walikale-centre ni kilomita 130 hivi. Ukishuka barabarani, hizo zinapita 200, tena huzihesabu kwa saa bali kwa siku: unapita Sake, unaizunguka milima ya Masisi, unateremka Nyabiondo kuelekea msituni, na mvua ikikukuta njiani lori linalala palepale na mzigo wake. Wimbi la redio linalotaka kuonana uso kwa uso na mwenzake linasumbuka vilevile. Masisi ni mlima juu ya mlima, na mingi inapita mita 2,000. Walikale iko chini, kwenye msitu, nayo peke yake ina karibu kilomita za mraba 23,500, zaidi ya theluthi ya Kivu Kaskazini nzima. Mnara ukisimama Goma hauioni Masisi, sembuse Walikale.

Foni iliumaliza ugomvi huo bila kuugusa mlima. Nazungumzia redio ya mawimbi mafupi, ile ya parokia, ya hospitali, ya nyumba za biashara na za ndege. Kwanza niliketi mbele ya foni ya parokia upande wa Masisi, baadaye mbele ya ile ya mfanyabiashara mmoja Walikale, na kote huko watu waliniita Mama Foni, hata wale walionizidi umri. Kazi hiyo imekufa karibu yote, na vijana wakisikia habari zake wanadhani tulikuwa tunapiga kelele kwenye sanduku tu. Kumbe tulikuwa mafundi wa anga. Tulikuwa tunachora njia ya sauti kila asubuhi upya, kwa sababu njia ya jana haikuwa lazima iwe ya leo.

Hamu ya kusikilizana kutoka mbali haikuja na Wazungu. Wanyanga wa Walikale wana utenzi wa Mwindo, ambao mzee Candi Rureke alimsimulia mtafiti Mbelgiji Daniel Biebuyck mwaka 1956, na ambao Biebuyck aliuchapisha mwaka 1969 pamoja na Kahombo Mateene. Humo Mwindo anashuka kuzimu kumfuata baba yake, na kabla ya kushuka anamwachia shangazi yake Iyangura ncha ya kamba. Kamba ikicheza, yuko hai, ikitulia, amekufa. Mimi nimeusikia utenzi huo tangu utotoni, lakini nilipoanza kazi ya foni ndipo nilipomwelewa Iyangura. Yeye ni operateri. Kazi yake ni kushika ncha na kungoja, na ukimya nao ni ujumbe. Kituo kisipojibu saa yake, sisi tulijua kuna jambo, hata kabla ya mtu kufika kwa mguu na habari.

Upande wa Kisangani, Walokele walikuwa na ngoma ya mti. John Carrington, mmisionari wa Yakusu, aliandika kitabu juu yake mwaka 1949, akaeleza jambo ambalo kila operateri analijua bila kulisoma: ngoma ina sauti mbili tu, ya juu na ya chini, kwa hiyo neno moja likipigwa peke yake linafanana na mengine mengi. Mpigaji hulirefusha, hulizungushia maneno ya sifa, mpaka msikilizaji asiweze kulikosea. Nasi kwenye foni tulifanya hivyohivyo. Hatukusema "kumi na tano" tukaishia hapo. Tulisema kumi na tano, moja tano, narudia, moja halafu tano. Anga yenye kelele inadai maneno ya ziada.

Halafu wakaja Wabelgiji na TSF yao. Kuanzia mwaka 1911 mhandisi Robert Goldschmidt, akiungwa mkono na Mfalme Albert, alijenga mstari wa vituo vya telegrafu isiyo na waya kutoka Boma hadi Elisabethville, vikifuata mito mikubwa kupitia Stanleyville na Kindu. Uangalie mstari huo vizuri. Unapanda na mto, unaipita nchi yetu kwa mbali upande wa magharibi, unaelekea kwenye shaba ya Katanga. Maji ya milima ya Masisi yanateremka na mto Lowa, yanapita Walikale na kuingia Lualaba. Maji yetu yalifika kwenye mto wenye vituo, sauti zetu hazikufika. Tangu siku hiyo kanuni ni moja: chombo cha mawasiliano hujengwa kinakoelekea madini, na sisi husubiri mpaka madini yetu yaonekane.

Wakati wa Zaire posta ilikuwapo kwa jina. Mwaka 1986 Miko Rwayitare alianzisha Telecel huko Kinshasa, wakubwa wakaanza kutembea na simu mkononi, miongoni mwa wa kwanza Afrika. Kwetu simu ya serikali ilikuwa imeshanyamaza. Waliobaki wanasikilizana ni wenye foni: mapadri, wapastori, wamiliki wa mashamba makubwa ya ng'ombe huko juu Masisi, kampuni za bati huko chini Walikale. Padri ndiye alikuwa posta, ndiye benki, ndiye habari za msiba.

Sasa nieleze ilivyofanya kazi, maana hapa ndipo penye utamu.

Juu ya vichwa vyetu, kilomita 250 hivi kwenda juu na zaidi, jua linachaji hewa nyembamba na kuifanya iyarudishe chini mawimbi ya urefu fulani. Watu wengi walilijua hilo kwa redio za mbali, za London au Cologne, zilizorukia tabaka hilo na kuanguka bara jingine. Sisi hatukutaka bara jingine. Tulitaka ng'ambo ya mlima. Kwa hiyo antena yetu haikusimama wima. Tuliulaza waya, mita kumi kushoto na mita kumi kulia kwa mawimbi ya megahezi 7, tukaufunga kati ya miti miwili, tena chini chini, mita chache tu kutoka ardhini. Mgeni akiona antena ya chini hivyo alifikiri ni umaskini. Ulikuwa ufundi. Waya uliolala chini hupeleka sauti karibu wima kabisa. Inapanda, inagonga anga, na inanyesha pande zote kwa mamia ya kilomita. Kwa wimbi la namna hiyo Masisi haina milima. Bonde lenye kina kuliko yote linapata sawa na kilele.

Lakini anga ina saa zake. Asubuhi jua likishapanda, 7 inaamka na inasema vizuri mpaka mchana. Jioni tabaka linapungua nguvu, wimbi linatoboa na kwenda zake angani lisirudi. Hapo unashuka, kwenye 5, kwenye 4, na waya wako lazima urefuke. Nyumba zenye pesa zilikuwa na Codan ya Australia inayojipanga yenyewe. Sisi wengine tulikuwa na Yaesu au Kenwood ya mkono wa pili, wati 100, bateri ya lori ya volti 12, na paneli moja ya jua iliyofungwa juu ya bati kwa waya za kuzuia wezi. Waya wa usiku tuliunyoosha kwa kuunganisha vipande, kila kiungo kimefungwa mpira wa baiskeli.

Saa za kukutana tuliziita vakasyo. Kila mtandao ulikuwa na zake, asubuhi na jioni, na kuchelewa kulikuwa aibu. "Walikale, Walikale, Goma anakuita." "Nakupata tano juu ya tano, endelea." Mara nyingi ilikuwa tatu juu ya tano, lakini adabu ya kazi ilikutaka useme tano kama maneno yanasikika. Ikifika mbili, unakiri.

Adui wetu mkubwa alikuwa radi. Mwaka 2016 wataalamu waliokusanya hesabu za setilaiti za miaka mingi waliipa milima ya magharibi mwa ziwa Kivu, mahali walipopaita Kabare, nafasi ya pili duniani kwa mapigo ya radi, zaidi ya 200 kwa kilomita moja ya mraba kila mwaka; ya kwanza ni ya ziwa Maracaibo huko Venezuela. Sisi hatukuhitaji setilaiti. Mchana ukielekea jioni, kipaza sauti kilianza kukaanga, kwanza kidogo, baadaye mfululizo, na mawingu yenyewe bado hujayaona. Radi ya mbali sana inapita kwenye mawimbi mafupi ileile njia inayopita sauti yako. Ikikaribia, unachomoa waya wa antena na kuutupa nje ya dirisha, mbali na ukuta. Asiyetupa alinunua redio nyingine. Katika utenzi wa Mwindo, Nkuba, bwana wa radi, ndiye anayemchukua shujaa juu angani akamtie adabu, na mimi sishangai kwamba watu wa nchi hii walimpa radi cheo hicho.

Miaka ya foni yenye pesa ilianza Bisie. Kasiteriti, mawe ya bati, ilionekana huko msituni Walikale karibu mwaka 2002. Kufika kulikuwa safari ya kama siku mbili kwa mguu. Wabebaji walitoka na kilo 50 mgongoni kila mmoja mpaka Njingala, na kutoka hapo mzigo ulipelekwa Kilambo, ambako ndege ndogo za Goma zilitua juu ya kipande cha barabara ya lami. Watu walisimamisha pikipiki, mbuzi wakafukuzwa, ndege ikashuka, ikapakia, ikaondoka. Na kila ndege ilikuwa na foni nyuma yake. Rubani hakuwasha injini Goma kabla sijamwambia mawingu yamekaa wapi. "Mlima unaonekana?" Kama nusu yake imefunikwa, sema nusu. Operateri aliyesema "kweupe" ili bosi wake apate mzigo mapema aliweza kuua watu kwa neno moja, na wote tulijua hivyo.

Bei nayo ilipita kwetu. Kontwari za Goma, zile nyumba za kununua madini, zikipandisha au kushusha, neno lilifika Walikale kabla ya chakula cha mchana, na mnunuzi mwenye foni alimzidi asiye nayo kwa nusu siku. Nusu siku inatosha kujenga nyumba ya matofali.

Ila kitu ambacho wajukuu wangu hawaamini ni pesa. Mtu alileta dola kwenye nyumba ya biashara Goma, operateri wa Goma akaniita, nami nikamlipa ndugu yake Walikale kutoka sanduku letu. Hakuna karatasi iliyosafiri, hakuna noti iliyopita msituni. Kilichosafiri ni sauti na uaminifu. Lakini foni haina mlango: yeyote mwenye redio kwenye wimbi lile anasikia, na wenye bunduki walikuwa nazo. Kwa hiyo tulikuwa na lugha yetu. Mia moja ilikuwa gunia la maharage leo na mkungu wa ndizi kesho. Jina la mpokeaji halikutajwa, alitajwa mtoto wake wa kwanza, au jina la ng'ombe aliyelipiwa mahari. Ufunguo wa wiki uliletwa na rubani kwenye bahasha. Sidhani kama kuna shule iliyotufundisha; hofu ilitosha.

Hofu yenyewe ilikuwa na sababu. Machi 1993 damu ilimwagika kwenye soko la Ntoto, Walikale, na moto ukapanda mpaka Masisi. Vilipofika vita vya mwaka 1996, na tena vya 1998, kila jeshi lililoingia kijijini liliulizia mambo mawili kwa mpango huu: foni iko wapi, na nani anaijua. Nyumba yenye waya kati ya miti miwili haiwezi kujificha. Wengi wetu tuliushusha waya mchana na kuupandisha usiku tu. Waliochukua redio walihitaji pia mikono ya kuiendesha, na operateri aliweza kuondoka na redio yake kama kipuri chake. Na kabla ya watu wenye silaha, walikuja wenye mihuri. Kila ofisi ilikuwa na kodi yake ya foni, na kila moja ilidai kuwa yake ndiyo halali.

Tulihitaji njia ambayo wenye bunduki wasingeisikia, na hapo ndipo vimondo vinapoingia. Nilivisoma kwanza katika kitabu cha ufundi wa redio kilichoachwa na fundi mmoja wa ndege, Kifaransa kigumu chenye michoro mizuri. Kila siku dunia inagongana na chembe nyingi zisizohesabika za vumbi la angani, nyingi ndogo kama mchanga. Zinaingia kwa mwendo wa kilomita 11 hadi 72 kwa sekunde, na zikifika urefu wa kilomita 80 hadi 120 kutoka ardhini zinaungua na kuacha mkia wa hewa iliyochajiwa. Mkia huo unairudisha redio ya megahezi 40 au 50, mawimbi ambayo kwa kawaida hayarukii popote. Mingi hudumu chini ya sekunde moja; mmojammoja unadumu sekunde kadhaa. Mjapani Hantaro Nagaoka alidokeza mwaka 1929 kwamba vimondo vinaathiri redio. Katika miaka ya 1950 Wakanada wakajenga mtambo wa JANET, kutoka Toronto hadi Port Arthur, karibu kilomita 1,000, wakituma maandishi kwa mikia ya vimondo peke yake. Miaka ya 1960 majeshi ya NATO yakajaribu wao, mtambo wa COMET, kati ya Uholanzi na kusini mwa Ufaransa. Mwishoni mwa miaka ya 1970 Wamarekani wakaipa njia hiyo kazi ya amani: mamia ya vituo vya kupima theluji kwenye milima ya magharibi, bila mtu, kwa bateri na jua, vikipeleka namba zao Boise na Ogden.

Namna inavyopangwa ndiyo iliyonivutia. Kituo kikuu kinaita bila kukoma. Kituo kidogo kiko kimya, kinasikiliza. Kimondo kikipita mahali panapofaa, wito unadondoka hadi kwa kituo kidogo, nacho papo hapo kinatupa maneno yake kiliyoyaweka akibani, kabla mkia haujatawanyika. Maneno yasipokwisha, yanangoja kimondo kingine. Kungoja kunaweza kuwa sekunde, kunaweza kuwa dakika. Alfajiri ni bora, kwa sababu upande wa dunia unaoelekea mbele katika safari yake ndio unaokumbana na vumbi jingi; wakati wa machweo ni mbaya.

Basi nikakaa na penseli. Walikale na Goma kwa vimondo? Hapana. Ziko karibu mno, mkia ungepaswa kuwa karibu juu ya kichwa, na mikia inayofaa hapo ni michache. Njia hii inataka umbali, mamia ya kilomita, mwisho wake 2,000 hivi. Lakini Walikale na Kinshasa ni kama 1,450 kwa mstari mnyoofu. Katikati yake ni misitu ya upande wa Salonga. Huko, kilomita 90 na kitu juu ya miti, ndiko vimondo vingefanya kazi yetu. Kutoka Walikale ungetazama magharibi na kuinua antena nyuzi 4 tu juu ya upeo. Hesabu hii ndogo ndiyo inayoamua kila kitu. Kutoka mabonde mengi ya Masisi nyuzi 4 ni ubavu wa mlima, huoni kitu. Kutoka Walikale nchi inateremka kuelekea bonde la Kongo, na ukipata kilima kilichokatwa miti upande wa machweo, unaona. Antena yenyewe ni fupi, vijiti vya mita tatu na nusu hivi. Radi kwenye 40 haikaangi kama kwenye 7. Na jambo lililonigusa kuliko yote: mkia wa kimondo huirudisha redio kwenye kipande kidogo cha ardhi, si nchi nzima. Mwenye bunduki aliye bonde la tatu hasikii kitu. Majeshi yaliipendea hilo, na mimi ningeipendea hilohilo.

Kwa biashara ingekuwa upuuzi. Huwezi kubishana bei na mtu anayejibu baada ya dakika nne, wala kumweleza rubani mawingu yanayosogea. Kwa sauti haifai kabisa. Inafaa kwa maneno machache ambayo lazima yafike: mto umefurika, dawa zimekwisha, wameingia.

Neno hilo la mwisho ndilo lililohitajika Luvungi. Kati ya tarehe 30 Julai na 2 Agosti 2010, watu wenye silaha, wa makundi ya FDLR na Mai-Mai Sheka, waliingia katika vijiji 13 kwenye barabara ya Kibua hadi Mpofi, Walikale. Umoja wa Mataifa ulihesabu watu wasiopungua 387 waliobakwa: wanawake 300, wanaume 23, wasichana 55, wavulana 9. Kambi ya MONUSCO, ujumbe wa kulinda amani wa Umoja wa Mataifa, ilikuwa Kibua, kilomita 30 hivi kutoka Luvungi. Simu za mkononi hazikushika huko. Ujumbe huo ulisema uliijua habari ya ubakaji ule tarehe 12 Agosti, kupitia shirika la International Medical Corps.

Kwa muda mrefu watu walilieleza hilo kuwa tatizo la mtandao, na wafadhili wanapenda tatizo la mtandao kwa sababu linanunulika. Mimi nasema nusu tu. Tarehe 30 Julai yenyewe barua pepe ya usalama ilisambazwa kwa wafanyakazi wa misaada, ikisema waasi wameingia upande huo na mwanamke amebakwa. Kwa hiyo maneno yalipita. Yalifika mahali penye meza na watu, na hayakuwainua. Atul Khare, naibu mkuu wa operesheni za amani aliyetumwa kuja kuona, alikiri Septemba mbele ya Baraza la Usalama kwamba ulinzi ulishindwa. Kwenye foni tulikuwa na desturi ambayo haikuandikwa popote: ujumbe wa hatari haujafika mpaka aliyeupokea aseme atafanya nini. "Nimepata" haikuwa jibu. Ulimshikilia mwenzako kwenye wimbi, unamrudia, unamrudia, hata bateri iishe, mpaka aseme "namwamsha padri" au "gari linatoka". Desturi hiyo haikuingia kwenye barua pepe, na sioni ingeingiaje kwenye vimondo.

Baada ya Luvungi MONUSCO ilipanua kazi ya mitandao ya tahadhari: wasaidizi wa jamii wakawekwa kwenye kambi, viongozi wa vijiji wakapewa simu, na pasiposhika simu, redio za mawimbi mafupi. Yaani foni ilirudi, safari hii na nembo ya Umoja wa Mataifa.

Minara nayo ilikuja, ikifuata desturi ya TSF ya 1911: Walikale-centre kwanza, masoko ya madini, kisha barabara, na vijiji vya ndani viangalie wenyewe. Novemba 2012 Vodacom ilileta M-Pesa Kongo, na biashara yetu ya pesa kwa sauti ikaanza kufa mnara kwa mnara. Silii juu ya hilo. Mama wa Njingala anayepokea pesa za mwanawe bila jirani zake kusikia, bila gunia la maharage la uongo, amepata kitu ambacho sisi hatukuweza kumpa. Ila mnara unakula mafuta ya jenereta, na mafuta yanapita barabara ileile ya Sake na Nyabiondo. Barabara ikifungwa na vita, mafuta yanakwisha, simu zote za bonde zinakuwa taa za mkononi.

Katika kipindi kimoja cha namna hiyo padri kijana aliniletea swali kupitia mtu wa pikipiki. Alikuwa amekuta Yaesu ya zamani katika stoo ya parokia, imefunikwa na magunia, akataka kujua aweke namba gani. Nilimwandikia ya mchana na ya usiku, nikamchorea waya. Chini ya mchoro nikaongeza kwamba kabla ya kugusa chochote anunue bateri mpya, na asimwambie chifu kwamba inafanya kazi mpaka amepata kituo cha pili cha kuongea nacho.